Lami, soko au mkopo wa asilimia 10: mtaa wenu uanzie wapi?

Ukitaka kuona watu wa Dar es Salaam wanavyogombana kwa adabu, nenda kwenye mkutano wa mtaa siku ya kupanga vipaumbele. Wa kwetu ulifanyika Jumamosi asubuhi, viti vya plastiki vya kukodi chini ya mwembe, mwenyekiti na mtendaji wameketi mezani. Mzee mmoja mwenye nyumba sita alisimama akasema, "Jamani, lami. Tukipata lami, mengine yatakuja yenyewe." Mama anayekaanga vitumbua barazani akamjibu, "Shikamoo baba yangu. Lami ikija utanipandishia kodi. Mimi nipeni mtaji." Kijana muuza viatu vya mtumba akataka soko lenye paa, maana mvua ya masika imemharibia viroba viwili vya viatu. Tulikaa saa tatu. Tuliondoka na orodha ya mambo kumi na moja, na orodha ya mambo kumi na moja ikifika kwenye kata ni kama haikwenda.

Makala haya ni kwa ajili ya mitaa iliyokwama pale pale. Nimeyapanga kwa njia tatu ambazo fedha ya umma huingia uswahilini na kuamsha biashara: miundombinu (barabara, mifereji, taa), soko au jengo la biashara, na mikopo ya vikundi ya halmashauri.

Kwanza tuondoe dhana moja. Fedha hizi hazitoki mfuko mmoja. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, au huja na mradi mkubwa wa mkopo wa nje. Soko ni mali ya halmashauri, wakati mwingine kwa fedha za serikali kuu. Mikopo ya vikundi, ndiyo ile ya asilimia 10, ni fungu lililowekwa kisheria kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa hiyo mkisema "tusiombe mkopo ili tupate lami" mnajinyima bure. Mnachochagua ni wapi mwelekeze nguvu zenu: safari za mwenyekiti kwa diwani, vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata, jioni za watu wa kujitolea. Hizo ndizo chache.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia maswali matano yale yale kwa kila njia. Fedha inamfikia nani kwanza? Inachukua muda gani? Nani anaweza kuumia? Nani atatunza kitu chenyewe mradi ukishakabidhiwa? Na wakazi wana sauti kiasi gani katika maamuzi?

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, na nisifiche sababu. Katika mitaa mingi ya jiji hili wakazi wengi ni wapangaji, wanaolipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtaa unaweza kufufuka vizuri kabisa huku waliokuwa wakiishi humo wamehamia Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji.

Njia ya kwanza: barabara, mifereji na taa

Hii ndiyo yenye historia ndefu kwetu. Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walichimba mifereji na kujenga njia kwa malipo, chini ya mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Baadaye ikaja miradi mikubwa zaidi. Unaojulikana sana ni DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300, ukapeleka lami, mitaro ya zege, taa na vivuko kwenye kata za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Fedha inamfikia nani kwanza. Mkandarasi. Baada yake mwenye nyumba, kwa sababu kiwanja kilichokuwa kinafikiwa kwa miguu sasa kinafikiwa kwa gari, na dalali analijua hilo kabla zege halijakauka. Wa tatu ni wenye fremu zinazotazama barabara. Mpangaji naye hapati kidogo. Gari la taka linaingia, bajaji haikatai tena kumleta mgonjwa usiku, na nyumba haijai maji ya choo cha jirani kila masika. Taa za barabarani huwa zinadharauliwa kwenye hotuba, lakini muulize mama lishe au muuza chipsi. Saa tatu za kuuza baada ya magharibi ni siku nyingine nzima kwake.

Muda. Mrefu. Usanifu, tathmini ya fidia, zabuni, kisha ujenzi. Miaka, na wakati wa ujenzi wenyewe vumbi na mashimo huua biashara ndogo za pembeni kwa miezi.

Anayeweza kuumia. Aliyepigwa alama ya X ukutani, kwamba nyumba yake itavunjwa, na zaidi yake mtu ambaye hana hata ukuta wa kupigwa X. Fidia kwa kawaida humfuata mwenye jengo. Mpangaji wa chumba hupata notisi ya mdomo, na genge lililokuwa ukingoni mwa njia huambiwa liliingilia hifadhi ya barabara. Halafu inakuja kodi ya pango. Mama wa vitumbua hakukosea hata kidogo. Chumba cha uani kikipata lami mlangoni, mwenye nyumba huongeza, na hakuna mtu wa serikali anayekuja kumuuliza kwa nini.

Utunzaji. Hapa ndipo mifereji mingi ya Dar inapofia. Mtaro usio na mfuniko kwenye mtaa usiozolewa taka ni jalala refu. Miezi kumi na minane baada ya makabidhiano utakuta umejaa chupa na nepi, na maji yanapita juu yake kama zamani. Kama hamna mpango wa nani anazibua na analipwa na nani, bado hamjawa tayari kwa mfereji.

Sauti ya wakazi. Kubwa mwanzoni, wakati wa kupendekeza njia ipi ijengwe. Ndogo sana mkandarasi akishasaini. Yote mnayotaka yaandikwe, kuanzia vivuko na mifuniko hadi vijana wa mtaa kupewa vibarua, yaandikwe kabla.

Inafaa mitaa yenye mafuriko ya kila mwaka, na ile ambayo gari haliingii kabisa. Kama mko bondeni hasa, hesabu ni nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wengi, na baadhi ya waliokuwa wakiishi Jangwani na jirani yake walihamishiwa Mabwepande. Bonde la Msimbazi sasa lina mradi wake, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na wenye nyumba wengi waliwekwa kwenye orodha za kuhama. Ukiwa huko usipoteze kikao kuomba lami. Ombeni kuona daftari la tathmini ya fidia.

Njia ya pili: soko

Soko lina mvuto kwa sababu linaonekana. Kiongozi anaweza kukata utepe. Na kwa kweli likifanikiwa linabeba mtaa mzima: wabeba mizigo, mama lishe, mafundi, bodaboda, wapanga vyumba.

Fedha inamfikia nani kwanza. Mkandarasi tena, halafu wenye vizimba. Kuna pengo kubwa kati ya anayeandikishwa kizimba na anayeuza ndani yake. Ukipita kwenye masoko mengi ya jiji utakutana na wauzaji wanaolipa kodi kwa mtu wa tatu, aliyepata kizimba kwa bei ya halmashauri na kukipangisha kwa bei ya mtaani. Ruzuku yote ya umma imeishia kwa huyo mtu wa katikati.

Muda. Kariakoo ni somo tosha. Soko lile alilolibuni msanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege inayokinga mvua, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jipya kando yake. Wafanyabiashara walitawanywa Kisutu, Machinga Complex na kwingineko, wakasubiri kwa miaka. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kusubiri. Muuza nyanya aliyehamishwa mbali na wateja wake hula mtaji ndani ya mwezi. Kwa hiyo mtaa ukiomba soko lililopo libomolewe lijengwe la ghorofa, swali la kwanza liwe watu wanauzia wapi siku inayofuata.

Anayeweza kuumia. Mchuuzi asiyekuwa kwenye orodha. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani wapelekwe maeneo yaliyotengwa. Wengi hawakudumu huko, wakarudi kidogo kidogo kwa sababu mteja wa Dar hununua akiwa njiani. Machinga Complex pale Ilala ni kumbukumbu ya kudumu ya kosa hilo. Lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jengo zuri, halafu kwa miaka vizimba vya juu vikakaa vitupu huku biashara ikiendelea kuchemka chini, nje, juani. Hakuna anayepanda ngazi kutafuta soksi. Deni halikungoja wateja wapande.

Utunzaji. Hapa soko linaishinda barabara, kwa sababu lina ushuru. Fedha ya kufagia, kulinda na kulipia maji ipo kila siku. Itarudi sokoni au itaishia makao makuu ya halmashauri? Hilo liulizwe kabla, na kamati ya soko ipewe haki ya kuona mapato.

Sauti ya wakazi. Ya wastani, na hugawanyika. Wafanyabiashara wana umoja wao na katibu anayejua kuandika barua; wakazi wasiofanya biashara hapo hubaki watazamaji.

Kuna jambo moja nataka kuliongeza hapa ingawa halihusu soko moja kwa moja. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohama Ubungo kwenda Mbezi Luis, kituo kipya kikazinduliwa Februari 2021 kwa jina la Magufuli, Mbezi iliamka: nyumba za kulala wageni, migahawa, mawakala wa fedha. Na pale Ubungo? Waliokuwa wakiishi kwa kuuza maji na karanga dirishani mwa basi walibaki na uwanja. Fedha ya umma inayoinua mahali pamoja mara nyingi imehama kutoka mahali pengine, na watu wa mahali pengine hawaalikwi kwenye uzinduzi.

Soko linafaa mtaa ambao tayari una biashara iliyosongamana, ile ya kukanyagana hadi daladala hazipiti. Kama watu hawapo, paa haliwaleti.

Njia ya tatu: mikopo ya asilimia 10

Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri zetu tano, yaani Jiji (ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, haziko sawa kwa mapato, kwa hiyo fungu nalo si sawa. Anayeishi kwenye halmashauri inayokusanya Kariakoo na Posta ana bwawa kubwa zaidi la kuvulia.

Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi vya kwenye karatasi. Ilirudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikapangwa kwa majaribio ya kupitishia mikopo benki, Jiji la Dar es Salaam likiwamo.

Fedha inamfikia nani kwanza. Kikundi chenyewe, na kwa hili hakuna njia nyingine inayoikaribia. Hakuna mkandarasi katikati. Mama wa vitumbua anaweza kununua jiko la gesi na friji, akaachana na kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kubwa unaomla kila wiki. Kwangu mimi, kumtoa mtu kwenye kausha damu ni maendeleo ya jiji sawa na kilomita ya lami, ingawa hayapigwi picha.

Muda. Kwa maandishi, miezi. Kwa vitendo inategemea fungu la robo hiyo, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na karatasi zenu. Kikundi cha akina mama wa kwetu kiliomba mtaji wa kushona magauni ya Idi. Fedha iliingia Idi imepita wiki tano. Marejesho hayakujali kalenda ya Waislamu. Yalianza tarehe ileile iliyoandikwa. Walilipa kwa kuchangishana. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa kila kikundi ni huu: usiombee msimu, ombea biashara ya kila siku.

Anayeweza kuumia. Mwanakikundi mwaminifu. Dhamana ni ya wote, na mmoja akizima simu wengine wanambeba. Wanaoachwa nje kabisa ni wanaume waliovuka umri wa ujana na hawana ulemavu. Fundi seremala wa miaka 52 hana mlango hapa, na mara nyingi jina la mkewe ndilo linaloingia kikundini.

Utunzaji. Hakuna mfereji wa kuzibua, ila kuna vitabu vya hesabu, na kuna biashara kumi zinazofanana. Mtaa ukizalisha vikundi sita vya sabuni ya maji, sabuni itauzwa kwa hasara. Bodaboda vilevile.

Sauti ya wakazi. Kikundi kinaamua biashara yake chenyewe. Mtaa kwa ujumla wake hausikiki; mtendaji anathibitisha tu kwamba mnaishi hapo. Ndiyo maana mikopo pekee haiwezi kuufufua mtaa unaozama kila masika. Friji la mkopo nalo linaelea.

Mlango mdogo ambao wengi wanaupita

Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalum, wakiwamo wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kupewa kazi ya kufagia barabara, kuzibua mitaro, kufyeka, kushona sare. Maombi ni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na vijana wa stationari wanaweza kukusaidia kwa elfu chache. Nimeuweka pembeni kwa sababu ni ajira, haujengi kitu. Ila unaunganisha njia ya kwanza na ya tatu vizuri sana: kikundi kikopeshwe toroli na vifaa, kisha kipewe kazi ya kutunza mfereji uleule uliojengwa.

Kwa hali yenu

Maji yakiingia ndani kila masika, anzeni na mfereji, na muuombe uwe na mifuniko. Lami ije baadaye. Lami bila mtaro hudumu mvua mbili.

Mtaa ukiwa na wapangaji wengi na uko karibu na katikati ya jiji, kama Magomeni, Keko au Kigogo, msiombe chochote kikubwa kabla ya kuandika orodha ya wanaoishi humo, wapangaji na wenye magenge wakiwamo, na kuigonga muhuri wa mtaa. Angalieni Magomeni Kota. Nyumba za zamani zilivunjwa, wakazi wakasubiri miaka mingi, lakini majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022 yalikuwa na nyumba 644 kwa ajili ya kaya 644. Namba ile haikudondoka kutoka mbinguni. Palikuwa na majina, na wenye majina hawakunyamaza. Katika mtaa wa kawaida usio na orodha hakuna wa kurudishwa.

Mkiwa pembezoni, Chamazi, Msongola, Goba au Kibamba, ambako wengi wanakaa kwenye nyumba zao, hofu ya kodi ni ndogo na barabara inalipa haraka zaidi. Huko ningeanza na kipande kimoja kinachounganisha na kituo cha daladala, badala ya kuomba barabara zote na kupewa greda mara moja kwa mwaka.

Mkiwa na barabara tayari na wachuuzi wamejaa pembeni yake, fikirieni soko, lakini la chini, wazi, mlangoni pa kituo. Mkiletewa mchoro wa ghorofa nne, ulizeni nani atapanda.

Na kama mtaa wenu hauna kiongozi mwenye muda wa kufuatilia mradi, acheni miradi kwa sasa. Sajilini vikundi vitatu vya watu wanaojuana kwa vikoba au upatu, ambao wameshawahi kurudishiana fedha, vyenye biashara tofauti. Hiyo inawezekana hata kama mwenyekiti yupo yupo tu.

Sisi mkutano wa pili tuliuhamishia Jumapili jioni, saa ambayo wapangaji wamerudi kutoka sokoni na viwandani. Tulikubaliana mambo mawili tu: mtaro wenye mifuniko kwenye njia ya chini, na kikundi cha kuutunza. Mzee wa nyumba sita alifika amechelewa akakuta viti vimekwisha, na mama wa vitumbua ndiye aliyesogea akampa nafasi kwenye benchi.